Nge Katikati ya Kitenzi

Ha Sekantši, milimani kule Lesotho,
ambako unga hupandishwa kwa punda
na theluji humfungia mtu mlango siku tatu,
'Manthofeela alikuwa na nge.

Si yule wa chini ya jiwe.
Nge huyu alikaa katikati ya kila kitenzi chake:
ningenunua. Ningeezeka. Ningempeleka.
(Kwao silabi ni nyingine;
kwa lugha yangu mimi, naisikia hivi.)
Akifungua mdomo, anadungwa.
Jioni, samadi kavu ikiungua polepole,
mama mkwe huuliza, "Paa je?"
"Ningeezeka, mama."
Na mvua ya mawe, juu ya majani makuukuu,
huuliza swali lile lile usiku kucha.

Mwezi wa kukata mtama walikuja watu na madaftari.
Walihesabu vichwa, vikombe, kuku.
Mmoja wao, kijana wa soksi zilizolowa,
alisema fedha zitaingia kwenye simu,
hazina masharti.
Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa:
"Hata mvua ina masharti."

Ujumbe uliingia siku ya Alhamisi,
'Manthofeela akiwa juu ya kilima, jiwe la tatu,
pale pekee mtandao unapokubali.
Akausoma. Akaizima simu, akaiwasha,
akausoma tena.
Upepo ukamvua blanketi bega moja
naye hakulirudisha.
Hesabu ya deni aliijua kama jina lake.
Hesabu ya kilichopo ilimtoa jasho.

Usiku ule hawakulala,
wala si kwa furaha, nisikudanganye.
Waligombana.
Mama mkwe alitaka kulipa chama cha mazishi,
miezi saba nyuma, "nisije nikafukiwa kama mbwa."
'Manthofeela alitaka mbuzi wa manyoya, wawili, majike,
na mabati,
na kitu kingine, alichokitaja kwa sauti ya chini:
kulala siku moja bila kupanga.
Nthofeela, miaka kumi na mitatu, hakusema neno.
Alikanyaga majivu kando ya moto,
akauacha unyayo wake pale,
mahali mama atakapopita asubuhi.

Na jirani, 'Matšeliso, ambaye jina lake halikutoka,
wiki mbili hakuja kuomba chumvi.
Hilo nalo liliingia nyumbani pamoja na fedha.
Wiki ya tatu 'Manthofeela aliibeba chumvi mwenyewe,
akaiweka kizingitini kwa mwenzake,
wakazungumza habari za mtama.

Leo nusu ya paa inang'aa.
Nusu nyingine ni majani bado;
mbuzi mmoja ana mimba, mwingine ana kiburi.
"Paa je?" anauliza mama mkwe,
risiti ya mazishi imekunjwa kifuani mwake.
"Nitamalizia kabla ya baridi."
Nita. Umesikia?
Alilitamka huku akitafuta kijiko,
kama mtu aliyelisema neno hilo maisha yake yote.

Ila kipo kitenzi kimoja kilichokataa.
Angalipona.
Tlelima, aliyerudi kutoka mgodini na vumbi mapafuni,
aliyelala nyuma ya zizi siku tisa
akisubiri nauli ya farasi hadi zahanati.
Nauli ile haifiki bei ya mabati mawili.
'Manthofeela ameipiga hesabu.
Huipiga tena akichana mbuzi manyoya,
na kichanio husimama katikati ya mgongo.
Humo ndani, chini ya jiwe lake,
yupo mzazi wa nge, mkia juu.
Simu haina namba ya kumtumia jana.

Alfajiri. Sakitu imeweka chumvi yake njiani.
Nthofeela anateremka peku peku,
viatu vyeusi kavibeba mkononi,
kamba zimefungwa pamoja, havijagusa ardhi.
Mto una baridi ya kuvunja mifupa.
Atavivaa akivuka.